Kompyuta Iliyokataa Flashi

Kabla ya chai, kidole. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kila asubuhi nyumbani kwa mzee Josephu, mfanyakazi wa bandari ya Mtwara. Mama yake, Bibi Sabina, alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Kila alfajiri mjukuu wake Gladness alimletea kipimo cha sukari, kijimashine kidogo kinachoenea kiganjani. Bibi alijitoboa ncha ya kidole, akagusisha tone la damu kwenye kijikaratasi cha kupimia, na Gladness akamsomea namba iliyotokea kwenye kioo, kwa sababu macho ya Bibi yalikuwa yamefifia. Namba hiyo ndiyo iliyomwambia Bibi ajichome dawa kiasi gani na ale kiasi gani.

Sasa, huyu Bibi Sabina alikuwa mtu wa shukrani, tena shukrani za kupitiliza. Alitoka Njombe kuja kuishi na mwanawe, na joto la Mtwara lilimtesa, lakini hata upepo wa feni aliushukuru.

"Asante Mungu kwa kuniamsha," alisema kila asubuhi. "Asante kidole, pole na maumivu. Asante mwanangu Neema kule Dar es Salaam kwa kuninunulia kipimo hiki. Asante Gladi kwa macho yako."

"Bibi, chai inapoa," Gladness alimkumbusha.

"Asante kwa kunikumbusha, mama."

Gladness alikuwa darasa la sita katika Shule ya Msingi Mkoroshoni. Alikuwa msichana mwangalifu, mwenye mikono isiyovunja vitu, na walimu walimpenda kwa hilo. Alimpenda bibi yake kuliko mtu mwingine yeyote duniani, na wala hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu.

Mwezi wa tatu mwaka 2009, mvua zikiwa zimepamba moto, kipimo cha Bibi kiligoma. Kioo kikawa cheupe, hakuna namba wala nini. Gladness alikifungua mgongoni akatoa betri. Ilikuwa bapa na ya kung'aa, umbo la sarafu, imeandikwa namba 2032. Shangazi Neema alipigiwa simu, akaahidi kuituma nyingine kwa basi, ila barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imejaa matope na mabasi yamekwama njiani. Gladness alizunguka sokoni, akaenda kwa fundi saa, akaenda hadi kwa wapiga picha. Kote jibu lilikuwa moja: "Hiyo hatuna, mwanangu."

Basi Bibi akaanza kukisia. Mchana mmoja alikisia vibaya. Gladness aliporudi shuleni alimkuta amekaa uani, jasho linamtiririka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Jirani alikuwa ameshakimbilia sukari na maji, akamnywesha taratibu mpaka akarudi kwenye akili zake. Siku hiyo Gladness alilia mpaka kamasi zikamtoka. Alikuwa na hofu ya kweli kwamba siku nyingine atarudi na kumkuta Bibi hayupo tena.

Ijumaa ya wiki hiyo ilikuwa siku ya usafi shuleni. Wenzake walipewa mafagio na ndoo, naye Gladness, kwa ile mikono yake ya uangalifu, alipewa chumba cha kompyuta. Usidhani zilikuwa nyingi. Ilikuwa moja tu, imewekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe, na wafadhili ndio walioileta. Kasha lake halikuwa na kifuniko cha ubavuni, kwa sababu fundi alikivua ili ipate hewa, joto lisiiue. Hata hivyo ilikuwa imeshashambuliwa na virusi na haiwaki vizuri tangu wiki iliyopita, ikisubiri fundi.

"Futa vumbi kwa brashi, polepole, usivute waya hata mmoja," alimwagiza Mwalimu Zainabu, aliyekuwa akiwafundisha kompyuta. "Plagi nimeshaichomoa." Kisha akatoka kwenda kusimamia wanaodeki.

Gladness alipitisha brashi ndani ya kasha. Akainua nyaya bapa zilizolala humo, na nyuma yake akaona kitu kinang'aa. Kilikuwa bapa, umbo la sarafu. Akainama kusoma. 2032!

Alitazama mlangoni, hakuna mtu. Akajiambia kwamba kompyuta yenyewe ni mbovu tayari, kitu kidogo namna hii haitakihisi. Akajiambia tena kwamba ataazima tu, mpaka basi la Dar lifike. Ukucha ukabana kijichuma cha pembeni, na betri ikaruka yenyewe mkononi mwake. Akazirudisha zile nyaya bapa pale zilipokuwa, zikafunika pengo.

Jioni ile kipimo cha Bibi kiliwaka. Kwanza kikadai kiwekewe upya tarehe na mwaka, maana kilikuwa kimesahau kila kitu, kisha kikafanya kazi.

"Umeipata wapi, mama?" Bibi aliuliza, macho yanang'aa kwa furaha.

"Shuleni," Gladness alijibu. Kisha akaongeza lile neno ambalo baadaye lingemkosesha usingizi. "Nimepewa."

Kuanzia kesho yake, shukrani za asubuhi zikapata nyongeza. "Asante kidole. Asante Neema kwa kipimo. Asante walimu wa Mkoroshoni kwa betri, Mungu awape maisha marefu." Kila Bibi alipofika kwenye walimu, Gladness alijifanya anatafuta kiatu.

Jumanne fundi alikuja. Aliitwa Samweli, kijana mcheshi mwenye ofisi ndogo karibu na stendi. Wanafunzi wa kikundi cha kompyuta, Gladness akiwamo, walijazana mlangoni, na mbele yao wote alisimama Petro. Huyu Petro alitoka Nanyamba, akiishi mjini kwa mjomba wake, na kwa kuchapa kwenye kompyuta hakuwa na mpinzani shule nzima. Alikuwa akisema wazi kwamba akikua atakuwa fundi kama Samweli, lakini yeye atafunga na tai.

"Leo tunaipiga windo," fundi alitangaza. Hivyo ndivyo mafundi wasemavyo wanapoifuta kompyuta na kuiwekea mfumo mpya. "Sehemu yake ya kusomea sidii imekufa, kwa hiyo tutatumia flashi. Kila kitu nimeshakiandaa humo." Akajipapasa mifukoni. "Lo! Flashi nimeiacha mezani ofisini."

"Nitume mimi!" Petro alidakia, na kabla hajamaliza kuruhusiwa alikuwa ameshafika getini. Mvua ikamkuta njiani. Alirudi amelowa chapachapa, akiwa amefumba ngumi, na ndani ya ngumi ile mlikuwa na flashi.

Fundi Samweli aliwasha kompyuta. Kwenye kioo yakatokea maandishi ya Kiingereza, naye akabonyeza kitufe kuyapita bila kuyasoma, kama tufanyavyo wengi wetu. Akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, akaielekeza kompyuta ianze na flashi badala ya diski yake, akahifadhi. Kisha akazima na kuchomoa plagi ukutani. Hii ilikuwa amri ya Mwalimu Mkuu. Tangu umeme ulipounguza redio ya shule, hakuna aliyeruhusiwa kuchomeka kitu chochote kwenye chombo cha umeme kabla plagi haijachomolewa. Akachomeka flashi, akarudisha plagi, akawasha.

Kompyuta haikuitazama flashi hata kidogo. Ilikwenda moja kwa moja kwenye diski yake mbovu, kioo kikawa cheusi.

"Ala!" alisema fundi. Akarudia yote tangu mwanzo. Akaweka mipangilio, akahifadhi, akazima, akachomoa plagi, akachomeka flashi tundu la mbele, akawasha. Cheusi. Akahamishia flashi tundu la nyuma. Cheusi. Alirudia mpaka shati likamgandia mgongoni.

Mwishowe aliichomoa flashi akaitikisa karibu na sikio lake. "Hii imeingia maji," alisema. "Nilipoiandaa ilikuwa nzima. Na laptopu yangu iko kwa mwenzangu Masasi, siwezi kuijaribu kwingine."

Macho yote yakamgeukia Petro, ambaye bado alikuwa anadondosha maji sakafuni.

"Mimi sikuilowesha!" Petro alisema. "Niliishika mkononi, hivi. Sikuiweka mfukoni, Mwalimu, kweli tena!"

"Petro, umelowa mpaka nyusi," alisema Mwalimu Zainabu, na hakusema kwa ukali, alisema kwa masikitiko. "Lahaula. Na Afisa Elimu ameshaamua. Kompyuta isipokuwa imepona kufikia Ijumaa, gari linaichukua kuipeleka shule nyingine yenye fundi wake." Akamwambia Petro akae nje ya kikundi kwa sasa, mpaka ajifunze kutunza vitu vya watu.

Mwenzangu, ungemwona Petro. Alikwenda kusimama bombani kana kwamba ananawa, lakini maji hakufungua. Gladness alimfuata.

"Gladi, wewe unaniamini?" aliuliza. "Niliishika mkononi njia nzima, mpaka vidole vimekufa ganzi. Nnungu ananiona." Nnungu ndivyo Wamakonde wanavyomwita Mungu, na Petro hakuwa mtu wa kulitaja jina hilo ovyo.

Gladness alifungua mdomo, ukafunga wenyewe. Maana alikuwa ameona kitu kimoja ambacho wengine hawakukiangalia. Katika yale maandishi yaliyopitwa haraka, palikuwa na tarehe, na mwaka wake ulikuwa 2002. Kompyuta ilikuwa imesahau mwaka. Na yeye alikwishaona kijimashine kingine kikisahau mwaka, Ijumaa jioni, nyumbani kwao. Alijua sasa kwamba kosa si la flashi, ni la betri aliyoitoa.

Hebu jiweke mahali pake. Akisema, Petro anasafishika na kompyuta pengine inapona. Lakini akisema, betri inatoka kwenye kipimo, na Bibi anarudi kwenye kukisia. Jumatano nzima alinyamaza. Aliondoka darasani kichwa kinamuuma, akala nusu ya chakula chake, na akamjibu mama yake vibaya kwa jambo la kijiko.

Alhamisi asubuhi Bibi alitoboa kidole. Gladness akasoma namba. Ilikuwa nzuri.

"Asante Mungu," Bibi alianza. "Asante kidole. Asante Neema. Asante walimu wa Mkoroshoni, Mungu awa..."

"Basi, Bibi! Usiwashukuru!" Gladness alipiga kelele, na machozi yakamwagika. Akasema yote. Alitaja brashi, nyaya bapa, ukucha, na lile neno 'nimepewa'. Akasema na habari za Petro bombani.

Bibi Sabina alikiweka kipimo chini. Kisha akashusha pumzi. "Kumbe siku zote hizi nawashukuru watu ambao hata hawajui kama wamenipa kitu," alisema.

"Nisamehe, Bibi. Niliogopa utakufa."

"Najua. Njoo hapa." Akamvuta akamkumbatia, akamfuta uso kwa upindo wa kitenge. "Umenipenda, hilo nimeliona. Ila mapenzi yako yamemwangukia mtoto wa watu. Nipe kandambili zangu, tunakwenda shuleni sote wawili."

"Na tukiirudisha, wewe itakuwaje?"

"Nitakwenda kupimwa kliniki kila asubuhi, hata kwa kujikokota. Kabla ya betri nilikuwepo." Akakitia kipimo ndani ya mfuko wake wa kitambaa, wakatoka.

Walimkuta Fundi Samweli amekuja kujaribu mara ya mwisho, na flashi ilikuwa imeanikwa siku mbili. Kompyuta ilikuwa imekataa tena. Mwalimu Zainabu alikuwa ameshaanza kuviringisha nyaya tayari kwa gari la kesho.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo fundi," Gladness alisema. "Naomba na Petro aitwe. Nataka asikie."

Petro akaja, akasimama mlangoni bila kuingia, maana alikuwa amekatazwa. Gladness alikaza macho sakafuni, kisha akaona si haki, akayainua. "Flashi haikuingia maji. Petro hana kosa. Mimi nilitoa betri kwenye kompyuta siku ya usafi, nikaipeleka nyumbani kwenye kipimo cha Bibi. Nikasema uongo kwamba nimepewa. Petro, nisamehe. Mwalimu, nisamehe."

Bibi akafungua kipimo, akaiweka betri juu ya meza.

Fundi Samweli alijipiga kofi kwenye paji la uso mpaka likalia. "Mimi nina wazimu!" alisema. "Kumbe ndiyo maana! Sikilizeni. Betri hii ndiyo kumbukumbu ya kompyuta umeme usipokuwepo. Nilikuwa naiambia ianze na flashi, inakubali. Nikichomoa plagi tu, inasahau nilichoiambia, inarudi kwenye mazoea yake. Na kila ilipowaka iliniandikia kwamba imesahau, na mimi nikapita bila kusoma. Petro, hata mimi naomba radhi. Nimekulaumu kabla ya kuchunguza."

Akainua nyaya bapa, akaipachika betri, ikalia tiki. Akawasha, akaweka tarehe, akaielekeza kwenye flashi, akahifadhi. Akazima. Akachomoa plagi, na wote wakazuia pumzi. Akachomeka flashi, akarudisha plagi, akawasha.

Kijitaa cha flashi kikawaka. Kioo kikawa cha bluu, maandishi meupe yakaanza kujipanga, yakiarifu kwamba mfumo mpya unapakiwa.

"Imekubali!" Mwalimu Zainabu alipiga makofi akasahau ualimu wake. "Alhamdulillahi! Gari la kesho litarudi tupu!"

Petro peke yake hakushangilia. Alimtazama Gladness. "Ulikuja pale bombani," alisema. "Nilikuuliza kama unaniamini. Ukanyamaza."

"Ndiyo," alisema Gladness. "Nilinyamaza, na nilikuwa najua." Akaanza kulia.

Petro aliangalia pembeni. Macho yake yakaangukia ile mashine ya Bibi mezani, wazi mgongoni, na kijitundu chake kitupu. "Na Bibi sasa atajipimaje?" aliuliza.

"Nitakwenda kliniki, mjukuu wangu," Bibi alijibu. "Betri ya namna hii hapa mjini haipo. Gladi ameitafuta kote."

"Ya 2032?" Petro alikunja uso. "Mbona mzee Ramzanali anazo? Pale dukani kwake ana mzani wa kioo wa kusimama juu, wa kupimia uzito. Nikitumwa misumari huwa namwona akibadilisha betri, anazo za akiba kwenye droo ya kaunta."

Dukani kwa mzee Ramzanali Gladness alipita kila siku, asubuhi na mchana. Lilikuwa duka la misumari, rangi na mabati, na hakuwahi kuwaza kuingia kuuliza betri.

"Mwalimu, nitume mimi," Petro alisema.

Mwalimu Zainabu aliangalia nje. Mvua ilikuwa imeanza tena. Kisha akamwangalia Petro, na akaelewa anachoombwa. "Nenda, mwanangu," alisema. "Nakuamini."

Petro alikimbia. Wakati akiwa njiani, Mwalimu alimwambia Gladness kwamba kesho, mbele ya paredi, atawaeleza wanafunzi wote ukweli huu kwa mdomo wake mwenyewe, ili jina la Petro lisafishwe mbele ya wote waliosikia likichafuliwa. Gladness aliitikia bila kubisha. Ilikuwa adhabu nzito, na aliona inamfaa.

Petro akarudi. Alikuwa amelowa chapachapa, maji yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Akaja mpaka mbele ya Bibi Sabina, akanyoosha ngumi yake, akaifungua. Betri ilikuwa katikati ya kiganja, mpya, kavu kabisa.

"Sikuiweka mfukoni," alisema.

Fundi Samweli alijifanya anakagua kioo. Mwalimu Zainabu alichukua kanga yake akamfunika Petro mabegani, mikono yake ikakaa hapo kwa muda.

"Mzee Ramzanali ameitoa bure, amesema Bibi apate nafuu," Petro aliendelea. "Na amesema ikiisha mje, msizunguke mji mzima."

Bibi alimpa Gladness kipimo, naye akaipachika betri. Kikawaka, kikadai tarehe, akaiweka. Bibi akatoboa kidole palepale, mbele ya watu, na Gladness akasoma namba kwa sauti.

"Sikilizeni, watoto wangu," Bibi alisema, akikifuta kidole. "Mimi ni mtu wa asante, mnanicheka wote. Lakini asante ina anwani yake. Ukinificha kitu kimetoka wapi, unanifanya nimshukuru asiyenipa na nimsahau aliyeumia. Gladi, ukiwa na shida, sema. Ungeisema shida yetu hapa shuleni siku ile ile, Petro angekujibu hapo hapo, na asingelala na machozi. Umekosea, na leo umesema kweli wakati kusema kweli kungekugharimu. Kwa hilo nakushukuru, na safari hii najua namshukuru nani."

Halafu akaanza, kama ilivyo kawaida yake. "Asante Mungu. Asante kidole, leo umetobolewa mara mbili. Asante Neema kwa kipimo. Asante mzee Ramzanali kwa betri." Akaushika mkono wa Petro, ule uliokuwa bado umelowa, akaufumba tena ndani ya mikono yake miwili. "Na asante Petro."

"Asante Petro," alisema Gladness.

Petro aliinamisha kichwa. Kisha akaingia ndani ya chumba cha kompyuta, akavuta kiti karibu na fundi, na wakaangalia pamoja yale maandishi meupe yakiendelea kujipanga.